Mayai Niliyomkataza

Mke wa mwanangu alipofikisha miezi saba ya mimba, nilimpunguzia chakula. Nalisema hili mapema ili msomaji asinione mwema bure. Nilianza na mayai, nikayakataza kabisa. Halafu parachichi, halafu nyama yenye mafuta, na uji wa maziwa nikaugeuza uji wa maji. Ugali nilimkatia mwenyewe, kipande cha kumtosha mtoto wa nasari, na maharagwe nikampakulia vijiko viwili. Sisi Wakamba wa umri wangu ndivyo tulivyofundishwa na mama zetu: mimba ikishakuwa kubwa, mama ale kidogo, mtoto asije akanenepa tumboni akakwama njiani. Atanenepea nje, tuliambiwa, nje kuna nafasi.

Nami nilikuwa na sababu zaidi ya mila. Mwana wangu wa pekee nilimzaa kwa siku mbili. Wakati ule nilikuwa yaya kwa watu waliokula vizuri, nami nikala nao, na mtoto akatoka na kilo nne na ushee huku mimi nikitolewa nusu maiti. Sikuzaa tena. Kwa hiyo kila nilipomwona mkaza mwanangu, kiuno chembamba, akitembea na tumbo lile, nilisikia tena harufu ya ile wodi. Hofu yangu haikujua kuongea kwa upole. Ilijua tu kufunika sufuria.

Tunaishi katika nyumba za zamani za kaunti, huku Eastlands, mashariki mwa jiji, chumba na jiko, na nyuma yake mwanangu ameongeza chumba cha mabati anachokaa na mkewe. Yeye ni dereva wa lori la masafa, leo yuko Malaba, kesho Mombasa, na nyumbani huonekana kwa nadra. Basi tunaobaki ni wanawake wawili. Mimi hupiga msasa vinyago kwenye kibanda cha wachongaji kule Majengo. Wanaume wanachonga, sisi wanawake tunalainisha na kupaka rangi ya viatu. Mke wa mwanangu huuza nguo za watoto za mitumba katika soko la Gikomba, hatua chache kutoka kibandani kwetu. Ni msichana mtulivu. Kila nilichomwamuru alijibu, "Sawa, mama." Nikawa najitapa mbele ya wenzangu kwamba nimepata mkaza mwana asiyebisha, si kama hao wao wanaojibizana na mama wakwe zao hadi jirani anapunguza redio ili asikie vizuri.

Uchungu ulimshika asubuhi, na saa sita mchana mtoto alikuwa ameshafika. Msichana. Hakuna kisu, hakuna uzi, hakuna mtu aliyepiga kelele ila mimi niliyepiga kigelegele. Mkunga alimweka kwenye mizani, akatazama, akamtoa, akamweka tena. Kilo moja na gramu mia tisa.

"Mimba ilifika miezi tisa kamili?" aliuliza.

"Kamili," nilijibu mimi, ambaye sikuulizwa.

"Mbona mtoto ni mdogo hivi?"

"Huo udogo ndio uliomtoa salama," nikamwambia, na moyoni nilikuwa nimejivika shada la maua. Kibandani niliirudia hadithi hiyo wiki nzima. Niliwaonyesha kwa mikono urefu wa mtoto, nikawaeleza mwiko wangu ulivyofanya kazi ambayo hospitali hufanya kwa kisu.

Mtoto alinyonya kwa pupa. Akimaliza ziwa hili analia apewe lile, na akimaliza lile anatafuta la kwanza. Alikojoa vivyo hivyo. Kamba yetu ya nguo haikuwa na nafasi ya hata soksi, ilikuwa nepi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mke wa mwanangu alianza kuingiwa na wasiwasi. Akaniambia, "Mama, huyu anakojoa sana." Nikamjibu kwamba mtoto anayekojoa sana ni mtoto anayeshiba sana, aache kutafuta ugonjwa kwenye baraka. Alisema, "Sawa, mama," akaenda kufua.

Mjukuu huyo leo yupo hapa miguuni pangu, ananinyang'anya kipande cha msasa ninachomfichia kila mara, kwa hiyo msomaji asinisikilize kwa roho juu. Lakini wakati ule tulikaribia kumpoteza, na mwiko wangu ulikuwa bado mkononi.

Wiki ya sita tulimpeleka kliniki kuchanjwa. Mizani ilionyesha amepungua kuliko siku aliyozaliwa. Siku hiyohiyo alikuwa ameanza kuhema haraka haraka, kifua kikibonyea, na midomo imekauka ingawa alinyonya usiku kucha. Wa kliniki walisema huenda ni nimonia, wakatuandikia barua twende hospitali kubwa bila kupitia nyumbani. Huko tulimkuta muuguzi mmoja, mama mnene mwenye sauti ya chini, aliyemfunua nepi na kuikamua kidogo kwa vidole.

"Shosho, anakojoa mara ngapi?" aliniuliza.

Mimi si shosho, hilo ni neno la majirani zetu Wakikuyu la kumwita nyanya. Kwa Kikamba mimi ni susu. Lakini nilipokuwa nafungua mdomo kumrekebisha nikaona uso wake, nikajibu tu nilichoulizwa. Nikaeleza kwa fahari, kwamba nepi hazikauki. Muuguzi hakutabasamu. Alichoma kisigino cha mtoto, akaweka tone la damu kwenye kile kimashine kidogo, na kimashine kikakataa kutaja namba. Sukari ilikuwa imepita mwisho wa kipimo chake. Akaita watu. Wakaja wakikimbia, na mtoto akachukuliwa mikononi mwetu.

Mwanangu alipiga simu kutoka mpakani. "Mathe, ni nini inaendelea? Niambie tu ukweli."

"Wanasema ana sukari," nikamwambia.

"Sukari? Mtoto wa wiki sita? Sukari ametoa wapi?"

Hata mimi nilikuwa nauliza hilohilo. Nilikijua kisukari kama ugonjwa wa watu wazima, wa majirani zangu wanaoficha soda chini ya meza. Mtoto ambaye hajawahi kuramba hata kijiko cha uji angekipata wapi?

Walimtia dripu na insulini, na kwa siku tatu tulikaa kwenye benchi la nje ya wodi. Siku ya nne alifumbua macho akatutazama, na pumzi ikarudi ya kawaida. Hapo ndipo daktari wake alipotuita. Alikuwa mwanamke kijana, amevaa raba, daktari wa watoto aliyesomea homoni. Alichukua kasha tupu la glavu, akalipasua, akachora upande wa ndani.

Alianza na kongosho, kile kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo. Mimba ikiwa na wiki nne au tano, alisema, wakati wanawake wengi hata hawajui kama wana mimba, utumbo wa mtoto ni mrija tu. Kwenye mrija huo vinachipuka vivimbe viwili, kimoja huku na kingine kule. Vinakua, vinasogeleana, vinaungana kuwa kongosho moja. Ndani yake seli huanza zote zikiwa sawa, huwezi kuiona hii ukasema itakuwa ya kazi fulani. Kisha kila moja hupokea amri kutoka kwenye jeni. Nyingi huambiwa zitengeneze maji ya kusagia chakula. Chache sana huambiwa zitengeneze homoni, na baadhi ya hizo chache ndizo za insulini. Hata kabla miezi mitatu ya mimba haijatimia, insulini ya kwanza imeshapatikana. Baadaye seli hizo za homoni hujikusanya vikundi vikundi katikati ya zile nyingine, na wataalamu wakaviita visiwa.

Nilimwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Asubuhi kibandani kwetu gogo la jakaranda hukatwa vipande, na vyote hulala pale chini vikifanana. Kufikia mchana kimoja ni twiga na kingine ni swala. Na jambo moja kila mchongaji hulijua: ukishakata mguu umeukata, hakuna gundi itakayokurudishia.

"Sasa huyu mtoto," daktari akaendelea, "mwili wake hautoi insulini. Tumempiga picha ya tumbo, kongosho lipo. Lakini picha haiwezi kunionyesha seli. Inawezekana ni moja kati ya mawili. Labda amri hazikufika, zile seli hazikuumbwa. Ama ziliumbwa, na insulini imo ndani, lakini haijui kutoka."

"Tofauti yake ni nini?" mke wa mwanangu aliuliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza kitu siku hiyo.

"Kama hazikuumbwa, ni sindano maisha yake yote. Kama zipo, kuna aina ambayo tunaweza kuacha sindano kabisa, tukampa dawa ya kumeza. Tutatuma damu yake ng'ambo isomwe jeni. Itachukua wiki kadhaa."

Kisha akageuza karatasi na kushika kalamu ya kuandikia historia ya mgonjwa. "Mimba ilikuwaje? Mama alikuwa anakula vizuri?"

"Kawaida," nilisema.

"Kawaida tu, daktari," mke wa mwanangu naye akasema, haraka, na akainamisha kichwa.

Nilijua kwa nini niliongopa. Yeye nilidhani ananisitiri. Nikamshukuru kimoyomoyo, na hapohapo nikaona aibu ya kusitiriwa na mtu niliyemtesa. Maana wakati daktari akichora, mimi nilikuwa nimeshaona kosa langu lote limekaa juu ya lile kasha la glavu. Seli zilihitaji kujengwa. Kujenga kunataka vifaa. Na vifaa nilikuwa nimevifunika kwenye sufuria. Alikuwa ametaja wiki za mwanzo, na mimi nilianza kunyima miezi ya mwisho, lakini mtu anayejihukumu hasomi kalenda. Nilijiambia kwamba mjukuu wangu atadungwa hadi uzeeni kwa sababu nyanya yake alihesabu vijiko vya maharagwe.

Tulirudi nyumbani na sindano. Kabla ya kutoka wodini mke wa mwanangu alifundishwa kumdunga, akajua. Mimi nilijaribu mara moja. Mkono huu unaolainisha sikio la swala bila kulivunja ulishindwa kumchoma mtoto, na muuguzi akaninyang'anya sindano kwa adabu. Kazi yangu ikawa ni kuihifadhi insulini. Friji hatuna, kwa hiyo niliweka chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, nikajaza mchanga katikati, na kila asubuhi na jioni nikaumwagia maji. Daktari alitupa kipimajoto tukiweke ndani yake, na aliposikia namba akaridhika. Nilikilinda chungu kile kwa ukali. Jirani aliyekuja kuazima mwiko akataka kukiegemea, nikamfokea kama amekanyaga kaburi.

Na nikaanza kupika. Sijawahi kupika vile tangu niolewe. Mayai ya kuchemsha, mayai ya kukaanga, supu ya mifupa, parachichi kubwa zile za Gikomba zinazouzwa zikiwa zimeshaiva. Nilimwekea mke wa mwanangu sahani iliyojaa, kana kwamba chakula cha leo kingerudi nyuma kikafike kwenye miezi ile. Hakula. Anakula ugali na sukuma, mayai anayasukuma pembeni. Chai akawa anakunywa bila sukari. Wiki ya kwanza nilivumilia, ya pili nikavumilia, ya tatu nikashindwa.

"Nilipokunyima ulikuwa unanitazama kwa jicho la njaa," nikamwambia. "Leo nakupa, unaringa. Unataka nikupigie magoti?"

"Sitaki mayai, mama."

"Yana nini?"

"Sitaki tu kuyaona."

Akatoka kwenda kuanika nepi. Nikabaki na sahani, na nikaelewa, au nikadhani nimeelewa: ananiambia kwamba nimechelewa. Nilimwona ana haki. Tangu siku hiyo tukawa tunaongea mambo ya mtoto tu, amenyonya, amelala, sukari ni ngapi, na kila mmoja akirudi kwenye kona yake. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mimi nilikuwa nimeshazaa na nimeshapata mjukuu, na bado nilikuwa nauficha.

Simu ya daktari ilikuja siku ya Jumanne, niko kibandani na twiga mapajani. Alisema majibu yamefika, twende wote, na hatasema kwa simu. Nilimpitia mke wa mwanangu Gikomba, akafunika nguo zake kwa turubai, akamfunga mtoto mgongoni. Pale mapokezi niligundua kwamba bado nilikuwa nimeshika kipande cha msasa, nimekikunja hadi kimepasuka.

Daktari alitukaribisha tukae. Nilikaa, kisha nikasimama.

"Kabla hujasema," nikamwambia, "kuna kitu nilikuficha. Nilikwambia huyu alikula kawaida. Si kweli. Mimi nilimnyima chakula, kuanzia mwezi wa saba. Mayai, nyama, maziwa, vyote. Niliogopa mtoto atakuwa mkubwa. Kama hizo seli hazikuumbwa, kosa ni langu, uandike hivyo. Huyu msichana hana hatia."

Nilitaraji daktari ajibu. Aliyejibu ni mke wa mwanangu, na alikuwa analia.

"Mama, nilikuwa nakula."

"Ulikuwa unakula nini?"

"Kila kitu. Kila siku nikifika kazini. Mayai boilo na kachumbari, mawili, wakati mwingine matatu. Chapati, na soda, kila siku soda. Na mandazi. Ulikuwa unanipa chakula jioni nikiwa nimeshiba, nakula kidogo, unafurahi." Akajifuta uso kwa leso ya kubebea mtoto. "Daktari, mimi ndiye nilidanganya. Nilikatazwa, nikakula kwa siri. Hizo soda ndizo zimempa mtoto sukari. Mama akinipikia mayai nasikia kutapika, kwa sababu najua ni mimi."

Nitasema ukweli wa nilichohisi, kwa mpangilio wake. Kwanza nilikasirika. Miezi miwili nilikuwa nikijitapa kwa wenzangu juu ya utii wake, na yeye huko anakula mayai matatu na kachumbari! Halafu hasira ikakosa pa kusimama, maana niliona kwamba kwa wiki zote zile, katika nyumba ndogo kama ile, tulikuwa wanawake wawili tunaobeba mzigo uleule, kila mmoja akidhani mwenzake anamtazama kwa lawama.

Daktari alituangalia, mmoja baada ya mwingine. "Ngoja nielewe," alisema. "Mmoja anasema alimnyima sana. Mwingine anasema alikula sana. Na wote mliniambia kawaida."

"Ndiyo," tulisema.

"Basi nadhani kawaida ilikuwa katikati." Akacheka kidogo, akatuomba radhi kwa kucheka, kisha akavuta karatasi ya majibu.

Seli zilikuwepo. Alilisema hilo kwanza, na nikamwomba alirudie, akalirudia. Vile vivimbe viwili viliungana vizuri, amri zilifika, seli za insulini ziliumbwa kwa wakati wake na insulini ikajaa ndani yake. Tatizo lilikuwa kwenye vijilango vya seli hizo. Kwa watu wengine sukari ikipanda, kijilango fulani hufungwa, na kufungwa kwake ndiko kunakofanya seli iachie insulini iende kwenye damu. Cha huyu mtoto hakifungiki. Badiliko dogo kwenye jeni moja tu, lililotokea lenyewe tangu siku ile mimba ilipotungwa, si la baba, si la mama.

"Si la nyanya?" niliuliza.

"Si la nyanya, si la soda, si la mayai. Lilikuwepo kabla hata mama hajajua kwamba ana mimba."

Lakini mimi nilikuwa na swali lililobaki, na sikutaka kuondoka nalo. Nikamuuliza kuhusu ule udogo, kilo moja na gramu mia tisa. Kama mama alikula, mbona mtoto alikuwa mdogo? Akaniambia kwamba insulini ya mtoto mwenyewe ndiyo inayomnenepesha tumboni, hasa miezi ya mwisho. Ya mama haivuki kwenda kwake. Huyu alikuwa nayo tele, imefungiwa, hakuweza kuitumia, ndiyo maana alibaki mdogo. Nilikumbuka nilivyosimama kando ya mizani ile nikijipongeza. Ule udogo haukuwa kazi ya mwiko wangu. Ulikuwa ndio ugonjwa wenyewe, umelala pale juu ya mizani, na mimi nikaupigia kigelegele.

"Hiyo haimaanishi ulifanya vizuri, mama," daktari akasema, sasa hacheki. "Mwanamke mjamzito anahitaji kula. Huyu angenyimwa kweli, angeweza kupungukiwa damu. Siku nyingine ukiogopa uzazi, mlete hapa tuogope pamoja nawe, tuko na vipimo."

Nikakubali. Mimi si mtu wa kukubali haraka, waulize wachongaji. Siku hiyo ningekubali hata kuambiwa dunia ni ya mraba.

Mtoto alilazwa wodini ili abadilishiwe dawa. Kidonge chenyewe kilinishangaza, ni kilekile wanachomeza wazee wenye kisukari huku mtaani kwetu. Cha mtoto kilisagwa, kikakorogwa kwenye maji, akanyweshwa kwa bomba lisilo na sindano, kidogo asubuhi na kidogo jioni. Kazi yake ni moja, kufunga kile kijilango kilichokataa kufungika. Kila siku waliongeza dawa kidogo na kupunguza insulini kidogo, na kila mara walichoma kisigino kuangalia namba. Daktari alituonya kwamba si wote wanaoitikia, tusubiri.

Tulisubiri tukiongea. Nadhani katika siku zile za benchi niliongea na mke wa mwanangu kuliko tangu aolewe. Nilimweleza siku zangu mbili za uchungu, jambo ambalo sikuwahi kumsimulia hata mumewe, na yeye akanieleza alivyokuwa akinunua mayai kwa muuzaji wa upande wa pili wa barabara ili wenzangu wa kibandani wasimwone. Nilimuuliza kwa nini hakunikatalia tu usoni.

"Nilikuona unaogopa, mama. Nilijua unaogopa nife. Nikaona bora wewe utulie na mimi nishibe."

Nilimshika mkono tukakaa hivyo hadi walipomwita akamnyonyeshe mtoto.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, nilikuwa nimempakata mtoto, mama yake ameenda kuoga. Muuguzi yule mnene mwenye sauti ya chini alikuja na kimashine, akachoma kisigino, akasubiri, akaandika. Nikamuuliza namba. Akanitajia. Ilikuwa namba ya mtoto mzima wa afya, namba ambayo nilikuwa nimeisikia kwa watoto wa wengine tu.

"Mmemdunga saa ngapi?" niliuliza, maana nilijua insulini ikitoka kudungwa sukari hushuka.

"Hajadungwa, susu," alisema. Sijui nani alimfundisha neno hilo. "Tangu jana asubuhi hajadungwa."

"Sasa hii insulini inayofanya kazi ni ya nani?"

Alinitazama kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa hivyo, kisha akainama akamfunika mtoto miguu.

"Ni yake," alisema. "Anatoa mwenyewe."